Kesi Inayopigwa Kalenda kwa Makusudi

Hakuna neno la mahakamani linalomchosha Mtanzania kama "kalenda". Unaamka alfajiri, unapanda daladala kutoka Nkuhungu, unakaa kwenye benchi mpaka jua la Dodoma likufuate chini ya mwarobaini, kisha karani anatoka na faili kwapani: kesi imepigwa kalenda, rudini baada ya siku 14. Mlalamikaji ananuna, mshitakiwa ananuna, na wakili naye ananuna kidogo kwa adabu.

Zipo mahakama, katika nchi kadhaa za mbali, ambako kalenda hiyo ndiyo dawa yenyewe. Hakimu hampangii kijana tarehe nyingine kwa kuwa shahidi hakufika. Anampangia kwa kuwa anataka kumwona tena Jumanne ijayo, na Jumanne ya baada yake, mpaka mwaka ukatike. Kwa Kiswahili mahakama hizo bado hazina jina lililotulia. Wapo wanaoziita mahakama za dawa za kulevya, jina linalopotosha kwa sababu linasikika kama mahali pa kuwahukumu wauza unga. Mimi nitaziita mahakama za tiba.

Mtaani jina limeshapatikana, "mahakama za mateja", na limekuja na tafsiri zake. Kijiweni jirani na Soko la Majengo nimesikia tatu kwa siku moja. Wa kwanza alisema ni mpango wa kuwaachia vibaka. Wa pili akasema hapana, ni watoto kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Dodoma. Wa tatu, mama muuza mboga, alitaka kujua kama ni kweli watoto watanyweshwa methadone, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, kwa amri ya hakimu. Wote watatu walikuwa wameshika kipande cha jambo, na hakuna aliyelishika jambo lenyewe. Tulichambue taratibu, maana ndani yake kuna mambo manne yaliyofungwa fundo moja: umri, uraibu, kosa, na kazi ya hakimu.

Tuanze na umri, kwa sababu neno "kijana" linatuchezea. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Sheria ya Mtoto ya 2009 haina habari na hilo: kwake aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, ndevu au bila ndevu. Kwa hiyo ukisikia "vijana wahalifu", uliza kwanza ana miaka mingapi. Mwenye miaka 16 na mwenye miaka 19 wanaweza kukamatwa pamoja, wakiwa na msokoto mmoja wa bangi kati yao, na bado kila mmoja akaingia mlango wake. Mdogo anakwenda mahakama ya watoto, mkubwa anakwenda mahakama ya kawaida pamoja na watu wa rika la baba yake.

Jambo la pili ni uraibu. Kutumia na kuwa mraibu ni vitu viwili. Mvulana aliyevuta bangi mara tatu nyuma ya darasa anatumia. Mraibu ni yule ambaye mwili au akili yake imefika mahali haiwezi kupita siku bila kitu hicho, hata kama kinamharibia kila anachokipenda. Kwa heroini dalili zake wazi kabisa: saa kama 8 hadi 12 baada ya kipimo cha mwisho, arosto inabisha hodi. Makamasi, jasho, mifupa kuuma, tumbo kukata, usingizi kukimbia. Inapanda mpaka siku ya pili au ya tatu, halafu ile kali huanza kushuka ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Lakini hamu yenyewe, ile sauti ya "kete moja tu", hukaa miezi. Ndiyo maana kumfungia mtu ndani siku 10 na kumtoa akiwa ametulia si kumtibu. Umemvusha arosto, basi.

Neno "teja" nitaliacha kijiweni. Ni tusi, na mtu aliyezoea kuitwa tusi hujifunza kuliitikia.

Sasa tuweke mtu ndani ya maelezo haya. Ni wa kufikirika, tumwite Yohana, jina ambalo Ugogoni huwezi kulikosa kila nyumba ya tatu. Ana miaka 16, anaishi Chang'ombe na bibi yake, aliacha shule kidato cha pili. Alianza na bangi, akahamia unga, yaani heroini. Kete inataka hela kila siku na Yohana hana kazi, basi anang'oa saiti mira za magari yaliyoegeshwa Uhindini na kuziuza kwa mtu asiyeuliza maswali. Siku moja anashikwa. Kosa lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka ni wizi. Dawa za kulevya hazijatajwa popote, wakati ndizo zilizomtoa nyumbani usiku ule.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mahakama ya tiba haikuundwa kwa ajili ya kesi za dawa peke yake. Inamtafuta yule ambaye kosa lake, hata likiwa la kioo cha gari, limetokana na uraibu. Na kwa kawaida inawakataa watu wa aina mbili: mfanyabiashara wa dawa, na aliyemjeruhi au kumuua mtu. Aliyesema ni mpango wa kuwaachia vibaka alikuwa amekaribia, ila kuna jambo moja hakuambiwa. Yohana haachiwi. Deni lake linabaki pale pale, kinachobadilika ni namna ya kulilipa.

Kila anayeishi Dodoma anaujua mkataba wa bodaboda. Mwenye pikipiki anampa dereva chombo. Dereva analeta hesabu kila siku au kila wiki, kadi inabaki kwa tajiri. Muda ukitimia na hesabu ikatimia, kadi inabadilishwa jina na pikipiki ni ya dereva. Akikosa siku moja kwa sababu ya pancha, tajiri mwenye busara hamnyang'anyi chombo usiku ule ule. Anapiga simu, anauliza, pengine anasogeza mkataba siku mbili mbele. Akikosa wiki mbili na simu haipokelewi, hapo pikipiki inarudi nyumbani.

Mahakama ya tiba ni mkataba huo. Kadi ni kesi yako, na hakimu ameishika. Hesabu ni kuhudhuria kliniki au ushauri nasaha, kupimwa mkojo bila taarifa, kurudi nyumbani kabla ya giza, kwenda shule au kujifunza ufundi, na kufika mbele ya hakimu tarehe uliyopewa. Mwanzoni tarehe ni kila wiki. Ukienda vizuri zinakuwa kila wiki mbili, halafu kila mwezi. Safari nzima huchukua mwaka au zaidi. Ukimaliza, kulingana na utaratibu wa nchi yenyewe, mashtaka yanafutwa au adhabu inakuwa nyepesi. Ukishindwa kabisa, kesi inarudi ilikokuwa na inaendelea kama kesi nyingine yoyote.

Kuna aina mbili za mkataba huo, na tofauti yake si ndogo. Katika aina ya kwanza kijana anaingia kabla ya kukiri kosa. Kesi inasimama, na akishindwa bado ana haki ya kujitetea tangu mwanzo. Katika ya pili anakiri kwanza, kisha adhabu inaahirishwa. Akishindwa anakwenda moja kwa moja kwenye adhabu. Ya pili inawarahisishia waendesha mashtaka. Kwa mtoto mimi naiogopa, kwa kuwa mwenye miaka 15 atakiri hata asilolifanya ili mradi alale nyumbani leo. Na hapo ndipo mfano wangu wa bodaboda unapopwaya: dereva anasaini mkataba akiwa huru kukataa, Yohana anasaini huku mlango mwingine ukiwa ni mahabusu.

Mahakama ya kwanza ya namna hii ilianza Miami, jimbo la Florida nchini Marekani, mwaka 1989. Mji ulikuwa umefurika kokeini, magereza yalikuwa yamejaa, na mahakimu walichoka kuwaona watu wale wale wakirudi kila baada ya miezi michache. Toronto nchini Kanada ilifuata mwaka 1998, Glasgow kule Scotland mwaka 2001. Toleo la watoto lilianza Marekani katikati ya miaka ya 1990, na jimbo la New South Wales nchini Australia lilifungua la kwake mwaka 2000, likalifunga mwaka 2012.

Kilichobadilika Miami kilikuwa mazungumzo. Katika mahakama tuliyoizoea hakimu anaongea na wakili, wakili anaongea na hakimu, mshitakiwa anasimama kizimbani kama mzigo unaosubiri kupakiwa. Katika mahakama ya tiba hakimu anamwuliza Yohana mwenyewe: wiki imekwendaje? Bibi anaendeleaje? Mbona Alhamisi hukufika kliniki? Kabla ya hapo, kikundi cha watu kimeshakaa chumbani na kupitia jalada lake: mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi, afisa ustawi wa jamii au afisa uangalizi, na mtu wa tiba. Mwendesha mashtaka na wakili, ambao kwa kawaida wanavutana kama fahali wawili, hapa wanatakiwa kuulizana swali moja: huyu anahitaji nini wiki hii?

Kwa watoto kunaongezeka kiti kimoja ambacho kwa watu wazima hakipo, kiti cha mzazi au mlezi. Bibi wa Yohana naye anaitwa. Wakati mwingine ndiye anayepewa kazi ngumu kuliko zote, kukaa kimya mtoto anapoeleza kwa nini alikimbia nyumbani.

Vipi kuhusu kuteleza? Maana atateleza. Watu wa tiba wanalijua hilo tangu siku ya kwanza. Anayepona unga bila kuanguka hata mara moja ni wa bahati. Mahakama hizi hujibu kwa adhabu ndogo inayokuja upesi badala ya kubwa inayokuja kwa kuchelewa. Umekosa kliniki, wiki hii unaripoti mara mbili. Umedanganya, unaandika barua na kuisoma mbele ya wote. Umekaa siku 30 safi, hakimu anakupigia makofi, chumba kizima kinafuata. Ukisikia kwa mara ya kwanza makofi mahakamani unaweza kucheka. Lakini kuna watoto ambao mara ya mwisho kupigiwa makofi ilikuwa darasa la tatu.

Vipimo vya mkojo navyo vina siri ambayo hakimu asiyefundishwa anaweza kuikosea. Heroini huonekana kwenye mkojo siku mbili tatu hivi kisha inapotea. Bangi hukaa kwenye mafuta ya mwili. Mvutaji wa kila siku anaweza kutoa kipimo chenye bangi wiki kadhaa baada ya kuacha. Kwa hiyo mtoto aliyeacha kweli tarehe 1 anaweza "kukamatwa" tarehe 20 na asiaminiwe akisema hajavuta. Pombe ni kinyume: yenyewe huondoka ndani ya saa chache, mlevi wa jana anaonekana msafi leo. Kipimo bila mtu wa kukitafsiri ni sawa na kusoma mita ya maji bila kujua bomba linaanzia wapi.

Sasa Mirembe. Nchi nzima jina hili limegeuzwa utani: "huyo katoroka Mirembe". Sisi wa Dodoma, tunaopita jirani na geti lake tukienda shughuli zetu, tungepaswa kuwa na adabu zaidi, lakini wapi. Mkanganyiko wa hapa una tabaka tatu.

Tabaka la kwanza: mahakama za Tanzania kwa miaka mingi zimekuwa zikiwapeleka watu Mirembe, katika Taasisi ya Isanga, ili wachunguzwe akili. Swali la hakimu huwa ni kama mtuhumiwa alikuwa na akili timamu alipotenda kosa, na kama anaweza kushiriki kesi yake. Hiyo ni hoja ya kisheria kuhusu ugonjwa wa akili, haina uhusiano na mpango wa tiba ya uraibu tunaouzungumzia. Tabaka la pili: kuna Isanga nyingine, Gereza Kuu Isanga, na watu huzichanganya mpaka unasikia mtu akisema "alipelekwa Isanga" na hujui kama alikwenda kutibiwa au kufungwa. Tabaka la tatu ni Itega, ambako chini ya Hospitali ya Mirembe kuna kliniki ya methadone. Hii ndiyo inayohusika na wanaotumia heroini, na wanaokwenda pale hutoka nyumbani asubuhi, hunywa dawa mbele ya mhudumu, na kurudi makwao. Hakuna anayelazwa kwa sababu ya kunywa methadone. Waliowahi kumsindikiza mgonjwa wa kifua kikuu kumeza dawa mbele ya muuguzi watautambua utaratibu huo.

Methadone yenyewe inasemwa vibaya. "Wamewatoa kwenye unga wa mtaani wakawaweka kwenye unga wa serikali," ndivyo inavyosemwa. Ni kweli methadone iko ukoo mmoja na heroini, na ni kweli mwili huizoea. Tofauti iko katika mwendo. Heroini inapanda kwa kasi na kushuka kwa kasi, ndiyo maana mtumiaji anaishi akikimbizana na kete mara tatu nne kwa siku. Methadone inapanda polepole na kukaa takriban siku nzima. Aliyepangiwa kipimo sahihi halewi, na arosto haimgusi. Anapata saa 24 za kufikiria kitu kingine. Kliniki ya kwanza ya aina hii Tanzania Bara ilifunguliwa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, na huduma hutolewa bure.

Yule mama wa mboga aliyeuliza kama watoto watanyweshwa methadone anastahili jibu la moja kwa moja: hakimu haandiki dozi. Anachoweza kuamuru ni mtu akapimwe na afuate tiba. Tiba ipi ni kazi ya daktari. Tena methadone ni kwa ajili ya heroini na ndugu zake tu. Haitibu bangi. Haitibu mirungi, ambayo Kenya inauzwa mchana kweupe na kwetu ni kosa. Haitibu gundi wala petroli wanayonusa watoto wanaolala stendi. Kwa hao wote hakuna kidonge wala kikombe cha kuwatoa; kuna kuongea, kurudishwa kwenye ratiba, kupata mtu mzima mmoja wa kuaminika, na muda mrefu. Kwa kuwa wengi wa watoto wanaokamatwa wana bangi na gundi zaidi kuliko unga, sehemu kubwa ya mahakama ya tiba kwa watoto ingekuwa kazi ya mshauri na afisa ustawi, na sehemu ndogo ya mfamasia.

Kuna pia imani ya nyumba za kupata nafuu, zile tunazoziita sober hausi: lipa, mpeleke miezi kadhaa, atarudi mpya. Nyingine zinafanya kazi nzuri, zikiendeshwa na watu waliopita njia hiyo hiyo. Lakini mtoto akitoka akarudi chumba kile kile, kijiwe kile kile, na muuzaji yule yule akimsalimia kwa jina, ile nafuu inaliwa wiki mbili. Mahakama ya tiba inajaribu kutibu palepale penye muuzaji, kijana akiwa nyumbani, huku mtu akimtazama.

Je, Tanzania tunayo? Kwa maana niliyoieleza, yenye kikundi, tarehe za kila wiki na mkataba, mahakama ya watoto ya tiba si sehemu ya mfumo wetu. Lakini vipuri vyake vingi viko stoo, na hilo ndilo watu wa kijiweni hawalijui.

Sheria ya Mtoto ya 2009 iliunda mahakama ya watoto, ikaiweka chini ya hakimu mkazi, ikataka kesi zisikilizwe faraghani, afisa ustawi wa jamii awepo, na mambo yaendeshwe kwa lugha ambayo mtoto anaielewa. Kanuni za utaratibu wa mahakama hiyo zilitoka mwaka 2016. Kifungu cha 119 cha sheria hiyo kinasema mtoto hahukumiwi kifungo gerezani. Soma tena, kwa sababu ni jambo linalobishaniwa sana: mtoto hahukumiwi kifungo gerezani. Hakimu anaweza kumwachia kwa masharti, kumkabidhi kwa mtu au taasisi inayofaa, au kumpeleka shule ya maadilisho, iliyopo Irambo mkoani Mbeya. Kwa mtoto wa Chang'ombe, Irambo ni safari ya kutwa nzima. Bibi hatafika kumwona.

Kwa waliovuka miaka 18 kuna sheria ya uangalizi wa wahalifu na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, ambazo zinamruhusu hakimu kumwacha mtu nje ya gereza chini ya afisa wa Huduma za Uangalizi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 ilitupatia Mamlaka inayojulikana zaidi kwa kuchoma mashamba ya bangi na kukamata shehena, lakini kazi yake inahusu pia kinga na tiba. Temeke na Mbeya zimewahi kuendesha programu za marekebisho katika jamii kwa watoto waliokinzana na sheria, ambako mtoto alibaki nyumbani akafuatiliwa. Na kimataifa hatuvunji mkataba wowote tukiamua kutibu: mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya na ule wa 1988, yote miwili, inaruhusu tiba katika kesi za aina hii.

Kinachokosekana ni kile nilichoanza nacho: tarehe. Leo hakimu akimwachia mtoto kwa masharti, faili linafungwa. Masharti yanabaki kwenye karatasi, na afisa ustawi mmoja mwenye kata nzima mgongoni ndiye anayetakiwa kuyafuata, pengine kwa nauli ya mfukoni mwake. Hakuna anayeuliza Jumanne ijayo. Ukitaka kuona tofauti kati ya amri ya mahakama na mahakama ya tiba, iko hapo tu, kwenye kurudi. Tumezoea kupigwa kalenda kama adhabu ya kuwa maskini. Hatujawahi kuitumia kama uangalizi.

Msomaji asinielewe vibaya nikionekana kuinadi. Kwa watu wazima, tafiti nyingi za Marekani zimeonyesha waliopita mahakama hizi hurudia makosa kwa kiwango kidogo kuliko waliopita njia ya kawaida. Kwa watoto matokeo ni mchanganyiko. Sehemu nyingine hakukuonekana tofauti, na kwingine watoto walioingia walifanya vibaya zaidi kuliko wenzao walioachwa kwenye uangalizi wa kawaida. Sababu yake, kwa maoni yangu, si ngumu kuiona. Mahakama ikishafunguliwa inataka wateja. Inaanza kuchukua mtoto aliyevuta bangi mara tatu, asiye mraibu, inampangia vikao, vipimo, saa ya kurudi nyumbani na vikundi vya kila wiki. Huko kwenye vikundi anakutana na wataalamu wa kubwia unga ambao asingewafahamu maisha yake yote. Anakosa kikao kimoja kwa sababu ya mtihani, anaadhibiwa. Anakosa cha pili, anawekwa ndani. Aliingia kwa kosa la onyo, akatokea mahabusu.

Ndiyo maana mwongozo uliotolewa na serikali ya Marekani mwaka 2016 kwa mahakama hizi ulibana mlango: zichukue wenye umri wa miaka 14 na kuendelea, wenye tatizo la dawa lililothibitishwa na vipimo vya kitaalamu, na walio katika hatari ya kati au kubwa ya kurudia makosa. Wengine waachwe, waende na mzazi. Mkulima wa zabibu wa Hombolo analijua somo hili bila mwongozo: mkasi wa kupogolea hauingii kwenye mche uliopandwa juzi.

Kwa Dodoma kuna tatizo lingine lisilo na nadharia yoyote, umbali. Itega inafikika kwa kijana wa Chang'ombe au Kikuyu. Mtoto wa Kibaigwa, aliyezoea kushusha magunia ya mahindi sokoni na kupewa kete kama posho, yuko zaidi ya saa moja kwa basi. Methadone ni kila siku, Jumapili na sikukuu zimo. Wa Kondoa usimtaje. Mahakama yoyote ya tiba itakayoanzishwa hapa bila kujibu swali la nauli itakuwa mahakama ya watoto wa mjini.

Wakati hayo yanasubiri wakubwa, kuna mzazi ambaye mtoto wake amekamatwa jana usiku na hana muda wa kusubiri mageuzi. Kwake yapo ya kufanya leo, na yanategemea sheria iliyopo. Aende kituoni akiwa na cheti cha kuzaliwa, na kama hakipo, kadi ya kliniki ya mtoto. Umri ndio unaoamua ni mlango gani utafunguliwa, na bila karatasi watu hukisia kwa kumtazama urefu. Aombe afisa ustawi wa jamii aitwe, asingoje siku ya mahakama. Kama mtoto anatumia unga, amwambie afisa huyo ukweli wote bila kuficha kwa aibu, kwa sababu taarifa ya afisa ndiyo itakayosomwa na hakimu kabla ya kuamua, na lisiloandikwa humo haliwezi kuamriwa tiba. Na akimkuta mtoto selo anatetemeka, jasho linamtoka na tumbo linamkata, aseme wazi kwa askari wa zamu kwamba ni arosto, mgonjwa apelekwe hospitali. Askari wengi wanaijua, wameshaiona mara nyingi. Wanachosubiri ni mtu wa kuitaja kwa jina lake.